Tunda la Danieli

Magamba,
S.L.P. 41,
Lushoto.
Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa binti yangu Modesta,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako najua umeshaitoa kabla hujafungua bahasha, nami naitikia marahaba, marahaba sana. Hujambo wewe? Miguu ile iliyokuwa inakuvimba kwa kusimama wodini imepona? Na baridi ya huko Ujerumani usinitajie, maana mwezi huu kwetu sakitu imeanguka mpaka imeunguza maharage shambani.

Sisi hatujambo. Mama yako mkubwa Sesilia anasumbuliwa na goti, lakini mdomo wake mzima kabisa. Mimi niko imara. Juzi nimeshuka Lushoto kwa miguu na kurudi, vijana wa bodaboda wakanipigia honi wee mpaka wakachoka, sikupanda. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumpa mjukuu. Niliishia darasa la tatu, lakini darasa la tatu la wakati ule si la siku hizi. Ukiona herufi zinapanda na kushuka, ujue na sisi tunakaa mlimani.

Sasa, mwanangu, kama umesimama, kaa.

Mzee Danieli hatunaye. Alifariki Jumanne alfajiri, kitandani mwake, miwani bado iko usoni. Wote hapa nyumbani niliwakataza wasikupigie simu. Habari ya mtu aliyekufundisha kusoma haipigwi simu, inaandikwa. Walinung'unika, nikawaambia mwenye nyumba ni mimi. Ukiwa na hasira, nikasirikie mimi, wao hawana kosa.

Tangu siku hiyo niko kama mtu aliyevuliwa koti mvuani.

Wewe ulimjua ukiwa mtoto, unampelekea maziwa, hukuona alivyoingia. Alikuja na begi moja na taipureta. Jumamosi hakuwasha moto wala hakushika kalamu, tukasema huyu Msabato. Wasabato wenyewe wakamfuata wamkaribishe. Akacheka, akawaambia yeye ni Myahudi na Sabato amezaliwa nayo. Ni mimi niliyeona kwamba mzungu yule atakufa kwa baridi ya Magamba kwa ajili ya Sabato yake. Jumamosi iliyofuata nikaingia bila kuombwa, nikawasha moto, nikakaa. Wengine wakaona moshi, wakaja. Watu husema baraza la hadithi lilianzishwa na Danieli. Lilianzishwa na moto, na moto ulikuwa wangu.

Kanuni yake unaikumbuka. Hakuna kusimulia hadithi ya kwenu. Mlutheri anasimulia aliyoisikia kwa Mwislamu, Mwislamu anasimulia aliyoisikia kwa Mlutheri, na mwenye hadithi anakaa pale pale kusahihisha. "Hapana, si hivyo," hilo ndilo neno lililosemwa kuliko yote katika nyumba ile. Mimi na Hassani, huyu jirani yetu wa kabichi, tumesahihishana mpaka tumezeeka. Danieli akaziandika hadithi zetu vitabuni, zikaenda nchi ambazo sisi hatutafika. Mwaka mmoja akaleta waandishi wawili ambao nchi zao zilikuwa zinapigana. Walipofika hawakusalimiana. Akawapa kanuni ile ile, kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti na mwenyewe akimsikiliza. Kabla hawajaondoka walikula hande ya Sesilia katika sinia moja, na jioni wakacheza ngoma yetu ya mdumange uani, vibaya sana wote wawili.

Kijerumani alikufundisha wewe peke yako. Siku moja nilimwuliza, mbona unamfundisha mtoto wetu lugha ya watu waliomwua mama yako? Akanijibu, "Abrahamu, mama yangu alinibembeleza kwa lugha hiyo hiyo."

Sasa nikueleze aibu yetu, usije ukaisikia kwa wengine.

Niliposikia amefariki sikulia. Nilipanda darini nikatoa mbao za mkulo nilizoziweka tangu enzi nilipokuwa mpasua mbao msituni. Nilijiwekea mwenyewe, kwa siku yangu. Kufika adhuhuri jeneza lilikuwa tayari. Ukilipitishia mkono hupati kibanzi, fundi wa siku hizi angelifanya siku mbili na lingecheza. Tukalibeba na wanakwaya mpaka kwa Danieli. Mlangoni tukamkuta Hassani na wenzake, wana sanda.

"Rudisha kabati lako nyumbani, Abrahamu," Hassani akaniambia. "Watu wa huyu huzikwa kwa nguo nyeupe, tena upesi, kama sisi."

"Kama ninyi? Kwani alisilimu lini?"

"Na kwako alibatizwa lini?"

Mwanangu, vijana wa huku na vijana wa kule wakaanza kusukumana pale kizingitini. Ndugu hakuwa naye hata mmoja wa kuulizwa. Mtu ametukalisha pamoja miaka yote ile, na maiti yake haijapoa tunataka kuipigania. Mimi nilishika jeneza langu sikuachia. Unanijua.

Hassani ndiye aliyepata akili kwanza, ingawa inaniuma kumsifu. Akaja akanishika mkono. "Twende kwa kanuni ya mwenye nyumba," akasema. "Mimi nitasema ya kwako, wewe utasema ya kwangu. Hawa wataamua."

Akaanza yeye. Akasimama mbele ya Waislamu wenzake akalitetea jeneza. Akasema mbao zile Abrahamu alijiwekea mwenyewe, na mtu anayekupa jeneza lake amekupa kitanda chake cha mwisho, ukimkatalia umekataa undugu. Nikatazama chini. Sikujua kama alikuwa anajua habari ya mbao zile.

Ikafika zamu yangu, nikaitetea sanda. Na mimi nikiamua kusema, nasema, siwezi kusema ovyo hata kama neno ni la mpinzani. Nikawaambia Danieli mwenyewe alitusimulia kwamba kwao tajiri na maskini wanavikwa nguo moja, isijulikane nani alikuwa nani. Nilitaka kuishia hapo, mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasema, "Mama yake hakupata sanda. Hakupata hata kaburi. Mpeni basi mwanawe."

Hakuna aliyemsukuma mtu tena. Hata mwinjilisti Zabron alivua kofia. Nilikuwa nimeshinda, mwanangu, na jeneza langu limeshindwa.

Wakati wa kuondoka nikaanza kulibeba lile jeneza nirudi nalo. Hassani akanizuia. Akasema wao wakishamlaza maiti humwekea mbao juu yake, kiunza, udongo usimwangukie, na mbao nzuri kama zile hazirudi nyumbani. Basi nikalibomoa kwa mkono wangu, polepole, sikupasua hata ubao mmoja. Tukamzika kabla jua halijazama, nyuma ya nyumba, katikati ya miti yake miwili ya matunda, ule wa epo na ule wa peasi. Amevaa nguo ya Hassani, amefunikwa kwa mbao zangu. Kila mtu aliomba anavyojua. Sala ya Kiyahudi hakuna aliyeijua, na hilo linanichoma mpaka sasa.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nikachukua kuni nikaenda kuwasha moto, miguu yenyewe ilinipeleka. Nikaona moshi umeshatoka. Ndani nikamkuta Hassani amepiga magoti, anapuliza, macho mekundu. Nikamwambia amepanga kuni kama mtu anayechoma takataka. Akasema, "Na wewe umechelewa, mzee." Watu wakaja, wachache. Kiti cha Danieli hakuna aliyekikalia.

Tukaona tusimulie hadithi yake mwenyewe, ile ya mama yake kumpeleka stesheni akiwa mtoto, akampandisha treni na watoto wengine wageni, akampa tunda mkononi, akamwambia asile mpaka avuke mpaka wa nchi. Nikasimulia mimi. Nikasema mama yake alimpa epo.

"Hapana, si hivyo," Hassani akasema. "Peasi."

"Epo."

"Peasi. Mbona alipanda mti wake?"

"Na wa epo je, ulipandwa na ndege?"

Watu wakacheka kidogo. Halafu mimi na Hassani tukageuka pamoja, wote wawili, tukakitazama kile kiti, tukingoja atusahihishe.

Hapo nililia, Modesta. Mbele za watu, mimi.

Ndiyo sababu nimeketi kukuandikia. Wewe alikusimulia hadithi ile kwa lugha ya mama yake, wala wewe husahau kitu. Tuandikie lilikuwa tunda gani. Hatutaisimulia tena mpaka tupate neno lako. Hassani amesema atakubali lolote utakalosema. Nami nitakubali, hata kama ni peasi.

Mama yako mkubwa Sesilia anakusalimu sana. Shangazi yako Paskalina wa Mtae naye anakusalimu, alipanda gari mpaka huku kuja kuhani. Hassani anakusalimu, anasema kabichi za huko si kabichi. Tusalimie mumeo Martin na mtoto Loveness, mwambie babu yake bado anapasua kuni mwenyewe.

Mungu wa Abrahamu, yule wa zamani, si mimi, akutunze wewe na nyumba yako, na akurudishe kwetu salama uone kaburi.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye hata nikinyamaza,

Abrahamu