Usukani wa Trekta ya Babu

Kwako Ombretta, binti wa baba mdogo Learco,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, nikitumaini zitakukuta mzima wewe na watoto, na kwamba baridi ya Torino haijakurudishia kile kikohozi ulichonitajia. Sisi hatujambo. Baba Ovidio magoti yanamsumbua, ila ulimi hauumwi: anagombana na kuku, na redio, na mimi.

Kifurushi kilifika. Nilipokata uzi na kuuona usukani umefungwa ndani ya blanketi la baba yako, nilikaa chini jikoni nikalia. Tangu tuzaliwe hatujaketi meza moja, mimi nawe, halafu barua yangu ya kwanza ni ya kukuomba kitu, nawe unakituma bila hata kuuliza swali. Asante, ndugu yangu. Sikuzoea kutendewa hivi.

Nilikwambia kwamba paa la banda la majani lilianguka kwa theluji, na chini ya miiba tukaona chuma. Baba aliapa kuwa ni takataka za jirani. Nikamwita Vainer, fundi wetu hapa, mtu wa maneno mengi na sabuni kidogo. Alikwangua kutu, akagongagonga tumbo la injini, akasema hii ni trekta aina ya Landini ya kabla ya vita, zile za kuchomwa kichwa kwa moto ndipo ziwake. Puani pake alikuta kiatu cha farasi kilichochomelewa, kile tulichosimuliwa kwamba babu alikitia kwa bahati njema, nami nikajua: ni trekta ya babu, ile ambayo baba zetu waliigombania alipofariki. Sote tumelelewa na hadithi moja. Baba yangu alichukua trekta, baba yako akachomoa usukani akaondoka nao. Na bila usukani trekta za aina hii haziwaki, maana ndio unaochomekwa ubavuni kuzungushia injini. Kwa hiyo zamani wanaume wa huku walikwenda kunywa divai wamekumbatia sukani zao, kwa kuogopana.

Vainer alitoa viota vya panya, akailoweka pistoni kwa dizeli mpaka ikalegea. Kisha tukachomeka usukani uliotutumia. Haukuingia. Akapaka grisi, akatukana, akasema huu ni wa trekta nyingine kabisa. Nisamehe, Ombretta, kwa kitambo nilidhani umenidhihaki.

Baba alikuwa mlangoni anatutazama. Akauliza huo usukani ulikuwa unakaa wapi. Nikamweleza ulivyoniandikia, kwamba Learco aliutundika juu ya meza ya jikoni maisha yako yote. Baba akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Akamwambia Vainer aende kwenye tanuri la mkate tusilolitumia, aingize mkono mpaka mwisho. Vainer alirudi na masizi mpaka kwapani, ameshika usukani wa pili. Akamwambia, “Mzee, wewe ni shetani mwenye kofia.”

Hili ndilo lililonifanya nichelewe kukuandikia. Baba yako aliurudisha. Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, wewe bado hujazaliwa, alikuja kwa baiskeli ameuvaa begani, akauegemeza kwenye mlango wetu, akasimama uwanjani akisubiri. Baba alikuwa nyuma ya dirisha. Hakutoka. Learco alipoondoka, baba aliuficha usukani na trekta akaiachia miiba, kwa sababu angeiwasha, watu wote wangejua kwamba ameshaombwa radhi na ni zamu yake kwenda kutoa mkono. Nadhani baba yako naye alitafuta usukani wowote akautundika, watu wasijue kwamba yeye ndiye aliyeinama kwanza. Wakazeeka hivyo, mpaka Learco akafariki na sisi hatukuja hata mazikoni. Naona aibu kuliandika hilo.

Jumapili tuliiwasha. Vainer alikichoma kichwa cha injini mpaka kikawa chekundu, akazungusha, ikanguruma. Akatia gia ya mbele, trekta ikarudi nyuma ikabomoa banda la kuku, kwani injini hizi zikikosewa kuzungushwa huwaka kinyume. Baba akafoka, “We Vainer, nani kakwambia leo tunalima mayai?” Mara ya pili ikatulia. Baba akapanda mwenyewe, nami nikasimama ubavuni kumshika asianguke. Majirani walikuwa wakipiga makofi. Akainamisha kichwa akasema, “Asante, Learco.” Akarudia kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aliye ng’ambo ya shamba. Kwa ngurumo ile hakuna aliyesikia ila mimi.

Neno hilo ni la baba yako, na limechelewa. Sina pa kulipeleka ila kwako. Ukienda kaburini, mfikishie.

Njoo kabla ya kupura ngano; unga wa cappelletti, zile tambi zetu za kujaza nyama, nitaukanda mwenyewe. Wasalimie watoto, uwaambie kwamba wana babu huku, yu hai na ni mkali, na kila siku anauliza majina yao.

Ndugu yako,
Nives