Mashine Iliyopaliwa

Mjukuu wangu Tumaini,

Hatujambo huku Ipogolo, baba yako anakusalimu. Unasema hiyo mashine yako ya kukata nyasi, ile ya kukalia, haiwaki hata ukiizidishia petroli.

Miaka ile ya hamsini, babu yako aliambiwa mashine kama hiyo, ya mzungu aliyemwajiri bustanini, isipowaka kabla wageni hawajafika, kazi hana. Nikafika na baba yako mgongoni, nikanusa petroli.

"Imepaliwa hiyo," nikamwambia. "Acha kuinywesha."

"Mama Yohana, hii injini, si mtoto."

"Fungua plagi, uikaushe, ipumue."

Iliponguruma, babu yako alinipakia nyuma yake, tukazunguka bustani nzima, Yohana wangu akicheka mgongoni, wageni wakitupisha.

Nawe iache ipumue kwanza. Watakaouliza, waambie fundi wako ni bibi yako,

Mama Yohana