Taa Zinawaka, Picha Hakuna

Mama Wesonga, nakusalimu kutoka Busia, upande wa Uganda. Nina swali ambalo nusu ni la kompyuta na nusu ni la nyumba, na naomba unisaidie yote mawili kwa sababu mimi nimeshindwa kuyatenganisha.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, za Waislamu hapa mjini na za kanisani huko Merikit na Petta, na kwa kuwa mimi ni mwanamke, kwenye harusi za kwetu ndimi ninayeruhusiwa kuingia upande wa wanawake, pale bibi harusi na shoga zake wanapovua mitandio na kucheza wakijua hakuna mwanamume anayewaona. Kuzihariri nilikuwa naenda studio ya Edeku, rafiki wa mume wangu tangu utotoni, nakodi mashine yake, na Edeku mwenyewe sina ubaya naye, lakini chumba chake hakikauki watu, na siku moja, Edeku ametoka, nikiwa nakata video ya binti mmoja, nimwite Munirah, vijana waliokuja kuchapisha mabango wakasimama nyuma ya kiti changu, mmoja akasema, "Huyu wa gauni la kijani ni wa kwa nani? Rudisha kidogo tuone." Nikazima skrini, nikatoka mbio, na tangu siku hiyo sijarudi.

Nyumbani nikamwambia mume wangu, Sowedi, kwamba nataka kompyuta yangu mwenyewe, tuiunge kipande kwa kipande, maana nimesikia ukiunga mwenyewe unapata yenye nguvu kuliko ya kununua imefungwa. Sababu yenyewe sikumwambia. Sowedi ni dereva wa lori la Nairobi, akafurahi kuliko nilivyotarajia, kila safari akawa anarudi na kipande amekifungia ndani ya blanketi lake, tunakaa sakafuni kufungua boksi kama watoto siku ya Idi, na mama, sikujua jambo hili ni tamu hivyo: prosesa, ile inayofanya hesabu zote, ni ndogo kama biskuti, na mazabodi, bamba kubwa ambalo kila kitu kinachomekwa juu yake, ukilitazama kwa juu ni kama mji wenye barabara na magodauni, nikawa nauliza kila kitu, kwa nini RAM, vile vijiti vya kumbukumbu, ziwe mbili wakati hata moja inatosha kuwasha, kwa nini prosesa ipakwe kitu kama dawa ya meno kabla ya kufungiwa feni, mpaka Sowedi akasema, "We bibi, unauliza kama watu wa kastamu pale mpakani." Mwisho akaleta kasha la kioo lenye taa za rangi, na hilo ndilo alilolipenda kuliko vyote.

Tukaunga, tukawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka nyekundu, buluu, kijani, na skrini ikabaki nyeusi. Tukachomoa, tukachomeka upya, tukaazima skrini ya jirani, ikawa vile vile. Sowedi akasema, "Taa nawaka, picha hapana. Mimi nimeleta takataka." Nikamwambia si takataka, kuna kitu hatujakijua. Akasema, "Basi napeleka kwa Edeku amalize. Na wewe rudi ukatie video huko huko mpaka hii ipone."

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu nikikataa ataona nimeidharau zawadi yake, nikimweleza ya wale vijana ataenda kwa Edeku na hasira na urafiki wa miaka yote utavunjika kwa ajili yangu, na huku mama yake Munirah anapiga simu kuulizia video ya binti yake, na mimi, niseme ukweli, katikati ya hofu yote hiyo bado nashindwa kulala kwa kutaka kujua: kitu chenye uhai wote ule, kwa nini hakina picha? Nibadilishe kipande gani? Na Sowedi nimwambie nini?

Rukiyah, Busia

*

Rukiyah mwanangu,

Mambo ya nyumba nayajua kidogo, ya kompyuta siyajui. Kwa hiyo kabla ya kukuandikia nilimwita Oundo, anayefundisha kompyuta hapa Busia ya Kenya, tukakupigia simu pamoja. Wasomaji hawakuwepo, basi niwasimulie.

Oundo alikuomba usome maandishi ya boksi la prosesa. Ukasoma, na mwishoni mwa namba palikuwa na herufi F. Akatabasamu. "Hiyo ni nzima kabisa," akasema, "ila haitoi picha yenyewe. Wanaoinunua huchomeka kadi ya picha pembeni." Nilidhani utashusha pumzi. Wewe ukauliza, "Sasa lile tundu la skrini nyuma ya mazabodi limewekwa la nini?" Oundo akakujibu kwamba ni la prosesa za aina nyingine, zenye picha ndani yake, na kwa hii yako ni mlango wa nyumba isiyo na mtu. Ukasema, "Ahaa," na nilisikia sauti ya mtu aliyeshiba.

Basi sikia. Prosesa usiibadilishe, ni yenye nguvu, na aliyeichagua hakukosea sana. Tafuta kadi ya picha ya wastani, kwa kukata video inatosha, usidanganywe na ile kubwa ya watu wa michezo. Lakini kabla ya kadi, tazama pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Ulituambia yako ni nyepesi na haina jina la kampuni. Itoe, mwanangu. Umeme wetu wa mpakani unaruka kama mbuzi, na kisanduku kibovu kikiungua kinaondoka na wenzake. RAM ziache mbili, zinagawana mzigo. Na kasha la kioo liache na taa zake. Mtu amelibeba kutoka Nairobi ndani ya blanketi lake la kulalia.

Sasa nikugombeze. Umemuuliza mumeo habari za kila skrubu, ila jambo lililokutoa studio umelimeza. Yeye anafikiri mnatengeneza kitu cha kupendeza nyumbani, kumbe mnajenga ukuta wa kuwasitiri mabinti wa watu. Angejuaje kwamba kukurudisha kwa Edeku ni kukurudisha motoni? Mwambie leo, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, na umwambie pia kwamba Edeku hakuwa chumbani. Mwanamume aliyekuvumilia maswali yote yale anaweza kuvumilia na jibu moja.

Na kuna jambo hukuliuliza, nalo limeninyima raha kuliko skrini yako nyeusi. Video ya Munirah uliianza kwenye mashine ya Edeku, na ulitoka mbio. Bado iko kule, Rukiyah. Ya Munirah na za wengine kabla yake. Kufuta hakutoshi, Oundo anasema kilichofutwa hurudishwa na anayejua. Nendeni wawili, wewe na Sowedi, mumwombe Edeku diski yenyewe, mumpe nyingine mpya mahali pake. Akiwa rafiki ataitoa. Asipoitoa, mtakuwa mmejua ni rafiki wa namna gani.

Hayo nilikwambia kwa simu, ukasema utafanya.

Wiki hii, nikiwa namalizia ukurasa huu, Sowedi amenipigia mwenyewe. Nilijiandaa kusikia ugomvi. "Mama, diski tumechukua," akasema. "Edeku alichomoa na mkono yake. Ameona haya sana. Anaweka pazia kwa mlango ule." Nikamuuliza kuhusu picha. "Tumeweka kadi, picha imekuja. Safi kabisa." Sauti yake ilikuwa na furaha, lakini nyuma yake nikasikia kuku na upepo, nikamuuliza yuko wapi.

"Nje," akasema. "Bibi amenifungia mlango. Yeye anakata ile video ya wanawake. Hata kompyuta sijaiona vizuri, mama, na kioo nilinunua mimi."

Nikamwambia akae huko huko nje mpaka aitwe.