Mchezo wa Firmin kule Mahajanga

Hell-Ville, Nosy Be

Kaka Omari,

Salamu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani. Mimi mwili wangu mzima. Nataka kujua kama mguu wa Mama umepoa au bado anaukanda kila jioni, na kama wanao wamepona ile surua. Haya nayauliza kwa mapenzi. Yanayofuata nayaandika kwa hasira, wala sitajaribu kuificha.

Barua yako nimeipata. Unasema umemwambia Mama kwamba huku ugenini nimekuwa mcheza kamari, kwamba kila Jumapili nakaa barazani na wanaume nikirusha dadu. Na Mama, kwa maneno yako, amekataa hata kutajiwa jina langu mbele ya majirani. Kaka, uliyasikia kwa nani hayo? Na huyo aliyekuambia, ulimwuliza tunachezea nini? Hatuchezei hata njugu. Ungeniuliza mimi kwanza. Anwani yangu unayo, ndiyo hiyo hiyo uliyoiandikia matusi.

Basi kaa chini usome, nikueleze ni mchezo gani, na nini kimetokea, halafu uamue mwenyewe kama ni dhambi, na kama ni dhambi, ni ya nani.

Huu ni mchezo wa kujivika utu wa mtu mwingine. Mnakaa mezani. Mmoja ndiye msimulizi: anawaambia mko mji gani, mvua inanyesha au hainyeshi, nani amebisha hodi. Waliobaki kila mmoja ana mtu wake aliyembuni, na huyo ndiye anayemsemea. Mimi nilikuwa mwanamke mpatanishi katika ufalme ambao haupo. Mnapofika mahali pa shaka, kwa mfano unataka kuruka ukuta na hakuna ajuaye kama utaweza, hapo ndipo dadu hurushwa. Basi. Ni hadithi inayosimuliwa na watu wanne kwa pamoja, na hakuna anayejua mwisho wake.

Msimulizi wetu alikuwa Firmin, karani wa forodha hapa bandarini, mzaliwa wa Mahajanga. Sanduku la mchezo ni lake, lina vitabu vya Kifaransa alivyoachiwa na mwalimu mmoja mgeni. Wa pili ni Perline, muuguzi, Msakalava wa hapa hapa Ambanoro, anayecheza ili acheke. Wa tatu ni Nassur, anayeuza vipuri vya pikipiki. Watu wake asili yao ni Ngazija, lakini walikaa Mahajanga vizazi na vizazi. Tunacheza kwa Kimalagasi kilichochanganyika na Kifaransa. Nassur akipandwa na hasira humtoka neno la Kingazija, na mimi peke yangu pale mezani hulidaka, kwa kuwa liko karibu na letu.

Ugomvi ulianza siku Firmin alipomuua mpatanishi wangu. Jumapili baada ya Jumapili nilikuwa nimewasemesha wafalme wawili mpaka wakakubali kuonana. Tukafika uwanjani, Firmin akarusha dadu, mshale ukatoka msituni, nikafa.

"Umetoka wapi mshale?" nikauliza.

"Umetoka kwenye dadu."

"Na maneno yote niliyoyasema?"

"Yalikuwa mazuri," akasema. "Lakini dadu hazina shangazi, Batuli. Hazimpendelei mtu. Mchezo mkubwa ni ule wenye sheria moja kwa wote. Ukitaka kubembelezwa, rudi kwa mama yako."

Nilimwambia kwamba mchezo ambao maneno ya mtu hayana kazi ndani yake ni sawa na kutazama mvua. Perline akasema mchezo mzuri ni ule ambao ukiisha kila mtu anauliza tutacheza lini tena, na kwamba sisi tunauharibu kwa ubishi. Nassur, ambaye huwa hasemi sana, akasema: "Wote mnakosea. Mchezo ni mzuri pale unapochagua jambo na jambo lile likabaki na uzito wake. Kwako wewe Firmin hakuna kitu chenye uzito. Watu wanakufa, Jumapili ijayo tunabuni wengine."

Firmin alicheka, lakini nililiona limemwingia. Baada ya siku ile tukawa tunakaa meza moja kama watu waliofungiwa chumba kimoja. Alikuwa akimkatiza Nassur kila anapofungua mdomo, na mimi nilikuwa nikimkatiza yeye. Mwisho akasema, "Vizuri. Mnataka uzito? Likizo ya shule njooni Mahajanga kwa shangazi yangu. Nitawatengenezea mchezo wenye uzito."

Tukaenda. Boti mpaka bara, halafu gari, na barabara ile sitaki kuikumbuka.

Hapa lazima nikueleze habari ya Nassur. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, Baba alisikia redioni kwamba watu wa Ngazija wanauawa Mahajanga, akaizima redio na asile chakula? Nassur alikuwa mchanga kitandani siku zile. Alitolewa pamoja na mama yake, wakasafirishwa mpaka Ngazija na maelfu ya wenzao, wakaja kurudi baadaye, lakini si Mahajanga. Mama yake alimwambia hatoweza kuiona mitaa ile tena, wakakaa huku Nosy Be. Nassur alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ile. Tulipofika alikwenda kuitafuta nyumba yao. Aliporudi tulimwuliza, akasema pana fundi wa kuziba matairi, mtu mkarimu, amempa kiti.

Habari hizi Firmin alikuwa anazijua. Nassur alimsimulia mwenyewe, zamani walipokuwa bado marafiki. Liweke hilo akilini.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, shangazi yake alikwenda kujinyoosha, nasi tukakaa sebuleni. Joto la Mahajanga saa zile linamfanya mtu apumue kwa mdomo. Firmin akapanga dadu mbele yake.

"Leo hakuna wafalme," akasema. "Tumo katika mji huu huu, mwisho wa mwaka wa sabini na sita. Perline, wewe ni muoka mikate. Batuli, mwalimu mgeni kama ulivyo, hutapata taabu. Nassur, wewe ni kijana wa mtaa wa pili. Mkononi una rungu. Umo ndani ya kundi la watu, na kundi linaingia kwenye kichochoro."

Niliuona mwisho wa kichochoro kile kabla hajaufikia. Nikasema, "Firmin, acha." Perline akamshika mkono Nassur. Nassur akautoa mkono wake taratibu na kumwangalia Firmin usoni.

"Endelea," akasema.

"Mbele yako kuna mlango umefungwa. Ndani kuna mtu. Unafanya nini?"

"Mlango una rangi gani?"

"Rangi haina maana."

"Kwangu ina maana."

"Kijani, basi."

"Si kijani. Ni wa bluu, na kwa chini umeliwa na mchwa. Ndani yuko nani?"

"Mngazija mmoja. Hana jina. Unafanya nini, Nassur?"

"Jina analo. Ni Koko Echati." Koko kwao ni bibi. "Anachambua mchele. Nyonga inamuuma, ndiyo maana hakukimbia na wenzake. Nyuma yake kuna kitanda, juu yake kuna mtoto. Mtoto yule ni mimi."

Kaka, sauti yake haikupanda wala haikutetemeka. Alikuwa akiongea kama anayemwelekeza mtu njia. Firmin hakuacha. Akamsogezea dadu.

"Watu wanakusukuma kutoka nyuma. Usipoupiga mlango utapigwa wewe. Rusha."

"Ni nani anayenisukuma?"

"Watu."

"Watu gani? Wewe ni mzaliwa wa hapa. Ufalme wako wa uongo uliupa watu wenye majina, na koo, na maradhi. Mpaka mbwa wa mfalme alikuwa na jina. Walio nyuma yangu ni akina nani? Nitajie mmoja tu, nami nitarusha."

Firmin akazitazama dadu. Halafu akasema, "Huu ni mchezo tu, Nassur."

"Basi ucheze vizuri."

Sikujua shangazi wa Firmin alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Ni mama mnene, mpole, siku iliyotangulia alitupikia kamba wa nazi na akamwekea Nassur sahani kubwa kuliko zetu. Alimwambia mpwa wake maneno mawili ya Kimalagasi, kwa sauti ndogo: "Mjibu mwenzio." Firmin hakujibu. Yule mama akangoja, akangoja, kisha akajifunika uso kwa lamba yake, ile shuka wanayojitanda, na kurudi ndani. Hapo Perline akapiga kelele, "Tapitra!" maana yake imekwisha, akazifagia dadu zikatawanyika sakafuni. Mimi nilisimama nikamtukana Firmin kwa Kiswahili, kwa maneno yale ambayo Mama huyatumia akigombana na wauza samaki, na nadhani aliyaelewa yote.

Tuliondoka pale pale. Tulilala kwa jamaa za Perline, kesho yake tukapanda gari. Njiani Nassur alinisimulia lililobaki. Jirani alimpitisha yeye na mama yake juu ya ukuta wa nyuma. Koko Echati hakuweza kupanda. Alibaki nyuma ya mlango akizungumza na wale watu ili wachelewe. Alizungumza nao mpaka mtoto alipofika mbali. Alichowaambia hakuna anayekijua.

Nilimwambia, "Firmin anastahili kupigwa mbele za watu."

"Sitakula naye tena," akasema Nassur. "Lakini ule ndio mchezo mkubwa kuliko yote niliyowahi kucheza."

Kaka, nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Firmin. Nikamwuliza kama ana akili timamu. Mtu amechukua maiti ya bibi yako akaiweka mezani ili ashinde ubishi, nawe unamsifia?

"Simsifii yeye," akasema. "Maisha yangu yote nimesimama ndani ya nyumba ile na mama yangu, kwa masimulizi yake. Nimeuona mlango kwa ndani tu. Sikuwahi kusimama nje. Jana nilisimama nje, nikajua kwamba mtu aliyekuwa pale angeweza kuuliza jina. Ingemchukua muda mdogo sana. Hilo hakuna kitabu kilichonipa."

Maneno yale yalinizidishia hasira. Nilimgeuzia mgongo mpaka tulipovuka.

Tuliporudi, Firmin alinifuata shuleni. Alikuwa amekonda uso. Akasema kila mmoja wetu alidai uzito, na yeye ndiye peke yake aliyethubutu kuuleta.

"Ulikuwa unajua habari ya bibi yake," nikamwambia.

"Nilijua. Ndiyo maana nilimpa rungu yeye."

"Kwa nini hukujipa wewe?"

Alisema msimulizi hashiki mtu wa kucheza, ndizo sheria. Nikamfungia mlango wa darasa usoni. Sasa tukikutana sokoni kila mtu anaangalia mboga zake. Perline anasema tulikuwa watu wanne na tumebaki vipande vinne. Aibu yangu iko hapo, Omari, si kwenye dadu unazozilalamikia wewe. Nimepoteza rafiki, na wala sitaki arudi.

Sasa nisikie. Umemwambia Mama uongo, na uongo huo ni wako kuuondoa. Mketishe umsomee barua hii yote kwa sauti, bila kuruka palipoandikwa jina lako. Akisema hata hivyo hapendi, nitamsikiliza yeye, kwa kuwa ni mama yangu. Wewe sitakusikiliza.

Msalimie shemeji yangu, mkeo, ambaye najua alikukataza kuandika ile barua. Msalimie Shangazi Mwanahamisi aliyenifundisha kusoma, na Mjomba Athumani mwezeka makuti, umwambie pumu yake huku wanaitibu kwa mvuke wa majani na Perline ameahidi kunionyesha ni yapi. Wanao wabusu. Binti yako mkubwa mwambie shangazi yake hajasahau kwamba anataka kuwa mwalimu.

Bado jambo moja. Juzi Nassur alikuja akanikuta nasahihisha mitihani. Alisema amebuni mchezo wake, bila sanduku la mtu, na Jumapili tutakaa kwa Perline, Ambanoro. Yeye ndiye atakayesimulia. Kichochoro ni kile kile.

"Na rungu?" nikamwuliza.

"Utalishika wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe, Batuli, una hakika usingelishika."

Nilimwambia atoke. Akatoka. Nilikaa na hasira ile siku nzima, nikamsahihishia mwanafunzi mmoja jibu la haki kuwa kosa, ikabidi nilifute. Jana nimemtumia salamu kwa Perline kwamba nitakuja. Kwa hiyo Jumapili, wakati nyinyi mnakaa kula, mimi nitakuwa nimesimama nje ya mlango wa bluu, na watu nyuma yangu, na sijui nitasema nini.

Nduguyo,
Batuli