Daraja Linalopinda na Kurudi

Malangali, Sumbawanga

Kwa mdogo wangu Kristofa, huko Msanzi,

Nakusalimu kwanza, maana hasira haijaniondolea adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Ulezi mmeshavuna? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Anayeniandikia ni binti yangu Agnesi. Nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Nimesikia uliyosema kilabuni. Eti mjukuu wetu Paskali ameiba saruji ya daraja la huku, na fundi wa namna hiyo asikanyage penye zahanati mnayotaka kujenga. Kristofa! Ulikuwapo? Mimi nilikuwapo. Kokoto za daraja lile nimezibeba kwa kichwa changu.

Sikiliza. Zege lilipokomaa, kamati ikataka kulipima. Wakafunga uzi chini ya daraja, ukingo hadi ukingo, wakaacha nafasi ya unene wa punje ya hindi. Wakapanga magunia ya mahindi juu. Daraja likashuka, likaugusa uzi. Basi! Mwenyekiti akapiga kelele, "Linapinda! Tulitoa saruji nyingi ili liwe gumu. Imekwenda wapi, wewe kupe?" Wakamkamata Paskali, mume wangu yule wa utani, mikono yote miwili kama mwizi wa kuku.

Paskali akawaambia, "Wazee, nguvu ni kitu kimoja, kupinda ni kingine. Zege liwe kali namna gani, likibebeshwa mzigo hupinda kidogo. Hata mkiongeza saruji mara mbili, kupinda hakupungui nusu; kokoto nazo zina kazi yake. Ubaya ni likishindwa kurudi. Shusheni magunia muone."

Nani amsikilize? Wakacheka. "Zege la mpira!"

Nikajifunga kanga kiunoni, nikalikamata gunia la kwanza. Mwenyekiti akasema, "Bibi, toka hapo, utavunjika kiuno."

"Kiuno hiki kimezaa watoto tisa na kikarudi mahali pake. Shika upande ule!"

Wanawake wakaangua kicheko, kisha wakaja. Tukashusha yote. Agnesi akachungulia chini: uzi uko huru, na nafasi ni ileile ya punje ya hindi.

Unadhani waliomba radhi? Wakamwachia mikono, wakakumbuka ghafla kwamba wana kikao. Leo wanapita juu ya daraja lile na baiskeli zao, wanapiga kengele.

Hao ni watu baki, nawaachia Mungu. Wewe ulimpakata angali mchanga, akakukojolea, ukacheka. Paskali ameosha mwiko wake na pima maji, amevifunga kwenye gunia. Anasema, ikiwa hata babu yake anamwita mwizi, hana kazi tena Ufipa. Jumatatu anapanda gari la Mbeya. Nimemsihi, hanisikii. Anangoja neno lako, ingawa hasemi.

Kwa hiyo njoo kabla ya Jumatatu. Usitume mtu, usitume kuku. Umwombe radhi kwa kinywa kilekile, halafu urudi kilabuni useme ukweli kwa sauti ileile.

Msalimie wifi yangu, aliyekuvumilia miaka yote hii. Msalimie na katekista wenu, mwambie akukumbushe dhambi ya kusingizia.

Gari likiondoka naye, usinitumie salamu.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni ukiwa na homa, na ningekubeba hata leo. Njoo.