Simba Aliyeogeshwa kwa Maziwa

Hosteli ya Wanawake, Chumba Namba 6,
Vadapalani, Chennai.
Jumapili, 22 Septemba 2024.

Mpendwa Shangazi Pechiammal,

Nakuamkia kwa heshima, nikiinama hadi miguuni pako kama ungekuwa hapa mlangoni. Habari za huko ng'ambo, Klang? Goti lako la kushoto limepata nafuu, au bado unashuka ngazi kwa kuegemea ukuta? Na Mjomba Rengasamy, sukari yake imeshuka? Mwambie maziwa ya kopo nayo ni sukari, hata akiyaficha ndani ya chai.

Huku nyumbani Madurai hawajambo. Mama anasumbuliwa na kikohozi kila mvua inapokaribia, lakini anafanya kazi zake. Bibi Irulayi haoni vizuri, ila anasikia hata yale tusiyomwambia. Mimi huku Chennai ni mzima wa mwili.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Ulisema umekitazama kionjo cha filamu yetu mara tatu kwenye simu anayokushikia kijana wako Mugilan, na mara zote tatu hukumwona Baba, kaka yako, mahali nilipokuahidi kwamba utamwona. Ni siku kumi na mbili sasa sijakujibu. Nafasi nilikuwa nayo. Lakini simu yako hushikwa na Mugilan na kusikilizwa na nyumba nzima, na haya sikutaka yasikilizwe watu wakiwa wanakula. Ndiyo maana naandika.

Ulichokiona, Shangazi, ni kionjo cha pili. Cha kwanza kiliishi siku mbili. Nilikitengeneza mimi.

Filamu yenyewe unaijua kwa juu juu. Ni ya shujaa mwenye nguvu zisizo za kibinadamu, lakini hana mchezo wala mbwembwe, wala haruki juu ya majengo. Ni kibarua anayeshushwa kwa kamba kwenye mashimo ya majitaka, na nguvu yake ni moja tu: pumzi yake haiishi. Hewa ya mle ndani inayowaua wenzake yeye haimuui, basi hushuka kuwafuata. Mwongozaji wetu, Bwana Nedumaran, aliipata hadithi hiyo kwangu, siku moja tukila chakula cha mchana, nilipomweleza jinsi Baba alivyokufa. Nilimweleza kwa sababu aliniuliza. Sikumwuliza Mama wala kaka Maruthu kama nina ruhusa ya kueleza.

Shujaa huyo anaigizwa na Veerabagu, ambaye vijana wa Madurai humwita Simba wa Vaigai, kwa jina la mto wetu. Nawe unajua kwamba Maruthu ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki wake mtaani kwetu.

Kionjo cha Simba kina taratibu zake kama harusi. Kwanza jina lake la sifa linatokea herufi moja moja, na kila herufi na pigo lake la ngoma. Kisha kiatu. Kisha mkono, kisha mgongo, na mwisho uso, naye anainua kola ya shati na kusema neno moja ambalo vijana watalirudia mwaka mzima. Mimi niliyatoa yote hayo. Niliweka kamba, kiuno cha mtu, vidole vikishika ukingo wa shimo, na sauti ya pumzi. Muziki sikuweka. Uso wake unaonekana mara moja tu, umepakwa tope mpaka kwenye nyusi, na jina lake linakuja mwisho kwa maandishi madogo kama ya watu wengine. Bwana Nedumaran alipokitazama alitokwa na machozi. Nami nilijivuna. Niliwaza kwamba watu mia nane wa Madurai watakaa kimya dakika mbili na sekunde kumi na nne kwa ajili ya baba yangu.

Wiki nzima kabla ya kionjo kuonyeshwa ukumbini Madurai, Maruthu alinipigia simu kila jioni. Tawi lilikuwa linachongesha sanamu bapa ya mbao, yenye urefu wa jengo la ghorofa nne, ya kusimamishwa mbele ya ukumbi wa sinema, na fundi hakujua amvishe nini. Aliniomba nimtajie rangi tu, joho ni jekundu au la buluu. Nilikuwa nimetia saini kwamba sitatoa siri. Lakini nikuambie ukweli, ilinipendeza pia kuwa mimi ndiye ninayejua. Nikamwambia, "Hujawahi kumwona amevaa hivyo." Maruthu akacheka kwa furaha, akaenda kumwambia fundi.

Basi Jumamosi ya kukionyesha, tarehe thelathini na moja Agosti, nilishuka kwenye treni asubuhi nikamkuta Simba amesimama juu ya barabara akiwa na dirii ya dhahabu, joho jekundu kama damu, na radi mikononi. Madebe ya maziwa ya kummwagia, kama ilivyo desturi ya mashabiki, yalikuwa chini yake tayari, shada la maua limeshavutwa kwa kamba mpaka shingoni. Nilisimama pale na begi langu. Bado ningeweza kumvuta Maruthu pembeni nikamwambia. Sikumwambia.

Saa nne ukumbi ulijaa. Nilikaa safu ya mwisho. Kila mtu alikuwa na vipande vya karatasi mkononi, na Maruthu alipita kwenye njia ya katikati akiwaagiza wasivirushe mpaka Simba aingie. Taa zikazimwa. Wakapiga miluzi mpaka nikahisi meno yangu yanatetemeka.

Wakasubiri aingie. Shangazi, alikuwa ameshaingia tangu sekunde ya nane. Alikuwa mbele yao, uchafu umemfika shingoni, na hawakumjua.

Mtu mmoja wa mbele akauliza kwa sauti, "Huyu mzibua vyoo tutamwona mpaka lini? Simba yuko wapi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha uso ukatokea, wakamtambua, na kile kicheko kikakatika ghafla. Afadhali wangeendelea kucheka. Taa zilipowashwa karatasi zilikuwa bado mikononi mwao. Mzee mmoja mwenye picha ya Simba kwenye fulana akasimama, akasema kwa upole kabisa kwamba bila shaka wahusika wamekosea, hicho ni cha filamu nyingine, tafadhali waweke cha kwao. Wakakiweka tena. Kikawa kilekile.

Kufika alasiri, simu zote za nchi ya Kitamil zilikuwa na maneno. Nilisoma mpaka kidole kikaniuma. Mashabiki wa nyota mwingine, mpinzani wake, ndio waliofurahi zaidi. Simba wa Vaigai sasa ni panya wa mtaro, waliandika. Mmoja alitoa anwani ya nyumbani kwake, akamwomba Simba apitie, kwamba choo kimeziba tangu Jumatatu. Mwingine aliuliza nguvu zake ni zipi, au ni harufu. Mashabiki wetu wenyewe walitaka kujua nani amewasaliti. Na wasomi, Shangazi, wale wa miwani, wao walisifu ujasiri wa Veerabagu kukubali kuingia kwenye uchafu kama ule. Maji yale yalikuwa ya kahawa na unga wa kakao. Tuliyapasha moto ili asipate mafua.

Sasa nikueleze jambo lililonileta kwenye barua hii.

Nilipotoka ukumbini niliwakuta vijana wa tawi wakileta ngazi. Sikuelewa. Nilidhani wanamshusha. Katibu wao, Chellapandi, akawa anakoroga manjano kwenye ndoo ya maji, na wengine wanafungua madebe ya maziwa ambayo asubuhi hawakuwahi kuyamwaga. Nikamwuliza wanafanya nini. Akanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayemfundisha mgeni.

"Dada Yazhini, Simba ameonyeshwa kwenye najisi. Hatuwezi kumwacha barabarani vile. Lazima aogeshwe kwanza."

Wakamwogesha. Kwanza maji ya manjano, kisha maziwa, madebe mawili mazima, kama wanavyofanya makuhani sanamu ya mungu inapoguswa na kitu kichafu. Maziwa yakateremka juu ya ile dirii ya dhahabu, yakaingia mtaroni. Aliyekuwa juu kabisa ya ngazi, akimwaga, ni Maruthu.

Wewe ulifika siku ya kumi na sita baada ya msiba, kwa hiyo hukuyaona ya siku ya kwanza, na Mama hajawahi kukuambia. Baba alipokwama mle ndani, watu wa manispaa walisimama kandokando wakisubiri amri. Walioshuka kumtoa ni vijana wa tawi la Simba, kwa kamba ya kutundikia mabango ya sinema. Chellapandi ndiye aliyemfunga Baba kiunoni, akalazwa hospitali siku nne kwa ile hewa. Walipomtoa, tuliomba maji ya kumsafisha uso kabla Mama hajafika. Nyumba ya kwanza ilifunga mlango. Ya pili ilisema bomba limekauka. Ya tatu ilitoa ndoo yenye maji nusu, ikatuambia tusiirudishe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ndoo hiyo niliibeba mimi.

Kwa hiyo unaweza kuona, Shangazi, nilikuwa natazama nini. Mikono ileile. Baba alipata nusu ndoo. Picha ya mbao, ambayo haijawahi kushuka popote, ikapata maziwa madebe mawili, kwa sababu tu ilisingiziwa kuwa mahali Baba alipokuwa kweli.

Nilimngoja Maruthu mpaka akashuka. Mikono yake ilikuwa inanata. Nikamwuliza kama anajua amemsafisha mtu na nini. Watu wote mtaani wanajua kwamba mimi na kaka yangu hatupigi kelele tunapogombana, tunaongea chini chini, na ndivyo tulivyofanya.

"Mia nane wamecheka," akaniambia. "Mmoja wao nilikuwa mimi. Nilicheka kabla sijajua nacheka nini. Halafu nikaona ile kamba."

Nikamwambia nilitaka waone.

"Nani aone? Sisi? Sisi tulimvuta, Yazhini. Mambo ya shimoni tunayaona bure. Sinema tunaingia tuone mtu wetu akiruka. Wewe umemrudisha Baba shimoni mbele ya watu, halafu hata mimi hukunitonya nibaki nyumbani."

Nimesoma miaka minne namna ya kukata picha na kuziunga, na hilo sikufundishwa. Najua tu kwamba yeye alikuwa na haki na bado maziwa yale yalikuwa matusi, na haya mawili hayapatani kichwani mwangu.

Jumatatu watu wa Veerabagu walipiga simu ofisini. Bwana Nedumaran, aliyekuwa ametokwa na machozi, aliniita akasema tukifute na kukitengeneza upya, na kwamba filamu yenyewe haitaguswa, hiki ni kionjo tu. Aliongea akiangalia dirisha. Akanipa nafasi ya kukataa, ila akataja jina la kijana ambaye angeifanya kazi hiyo badala yangu. Namfahamu kijana huyo. Angemkatakata Baba mpaka asibaki. Nikakaa kwenye kiti nikakata mwenyewe.

Nilitoa shimo. Nilitoa kamba na kiuno na vidole. Nikaweka herufi za jina lake la sifa, moja moja, na ngoma. Nikaweka kiatu, mkono, mgongo. Kuna picha moja, ya mwisho wa filamu, anapotoka juu jua likichomoza nyuma yake, nayo niliibakiza, na ndiyo uliyoiona wewe mara tatu ukajiuliza mtu huyu anatoka wapi. Hatoki popote. Ndivyo nilivyokata. Mashabiki wamekipenda mno. Pale Madurai karatasi zilirushwa mpaka wafagiaji wakalalamika.

Ijumaa iliyopita Maruthu alikuja Chennai kuniletea achari ya ndimu ya Mama. Tulikaa sebuleni kwa wageni, chini ya feni, msimamizi wa hosteli akitutazama. Aliniuliza kama nakula. Aliniuliza kama kazini wananiheshimu. Kisha, akiwa anafunga mfuko wake aondoke, akaniuliza kama kile cha kwanza bado kipo.

Nikamwambia nimekifuta.

Alishusha pumzi, akanishika kichwa kama zamani. "Ahsante, mdogo wangu," akasema. Mwaka huu wote kaka yangu hajanishukuru kwa jambo jingine lolote.

Nilimdanganya. Kipo, Shangazi. Mama sijamwonyesha, wala sijui kama nitathubutu. Safari hii nauliza kwanza. Wewe ulizaliwa naye tumbo moja. Ukitaka kumwona, andika, usitume sauti, nami nitakutumia wewe peke yako. Usipotaka, usinieleze sababu. Nitakaa nacho.

Nisalimie Mjomba Rengasamy, Tharani na mtoto wake mchanga, na Mugilan, umwambie asante kwa kukushikia simu. Mpe salamu pia yule jirani yako, mama Saroja, aliyenitumia ile shali. Mama na Bibi Irulayi wanakukumbuka kila wanapokaa kula.

Mungu akulinde, akupe usingizi mtulivu na miguu isiyouma.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kuandika,

Yazhini Karuppaiah.