Nachekesha, Hakuna Anayecheka

Dada Corinne mpendwa, nishike mkono kabla sijafanya jambo nitakalolijutia. Mimi ni mwigizaji, nina miaka ishirini na sita na mtoto wa miezi minane anayeota meno, kwa hiyo nisamehe nikiandika ovyo. Miaka mitano nimeigiza jukwaani Vancouver, mji mkubwa wa karibu na kwetu, tena michezo ya huzuni tu, nimekufa mara nyingi hadi mume wangu Joel anasema anikatie bima, na aliyenifundisha yote hayo ni mwalimu wangu, Bi Halloran. Sasa nimepata nafasi yangu ya kwanza ya maana, mhusika mkuu katika filamu ya televisheni ya mapenzi na vichekesho, zile za Krismasi tunazopiga Julai, nimevaa koti la sufu jua linawaka na theluji yenyewe ni povu. Nilipomwambia Bi Halloran hakunipongeza hata kidogo, alisema, "Vichekesho ni vya wasioweza kulia, binti yangu. Na hivyo vya mapenzi, mtu anajua mwisho kabla hajakaa kitini." Nilicheka, ila lilinichoma.

Wiki iliyopita tukaanza, nikasema maneno yangu ya kuchekesha, yale yale yaliyomfanya Joel amwage uji wa mtoto, na watu arobaini nyuma ya kamera wakanitazama kimya, hata wa kukohoa hakuna. Jukwaani huo ni msiba. Basi nikapaza sauti, nikatoa macho, nikajikwaa makusudi, na kila nikimaliza mstari nasubiri kidogo wacheke, lakini wapi! Mwongozaji wetu, Lorraine, akaja kuninong'oneza, "Danika mama, punguza kidogo." Nikapunguza sauti, nikaongeza mikono. Wakati wa chakula, Harman Gill, anayeigiza mwanaume ninayempenda, kijana wa mji jirani wa Surrey mwenye mdomo huyo, akaniuliza, "Dada, pale ulikuwa unanipenda au unaelekeza ndege ishuke?" Meza nzima ikaangua kicheko. Kumbe kucheka wanajua!

Jumatatu tunapiga ile sehemu ninapomwambia Harman nampenda, ndani ya duka la mikate, mkono wangu umekwama kwenye mtungi wa biskuti. Nataka kumwambia wakala wangu anitoe, nirudi kwa Bi Halloran ambako najua ninachofanya. Lakini nikijitoa katikati hakuna atakayeniita tena, na kusema kweli, hadithi yenyewe naipenda. Je, mimi si mtu wa vichekesho?

Danika, Abbotsford

*

Danika mdogo wangu, pole kwa meno. Nami nina wawili, wa pili amenilalia kifuani, naandika kwa mkono mmoja. Huruma yangu imeishia hapo, sasa nikugombeze.

Kamera ikiwaka, nani atacheka? Akicheka mmoja tu, sauti inaingia kwenye maiki na mnarudia kila kitu. Nilipoigiza vichekesho mara ya kwanza nilimwona fundi wa taa ameuma glavu yake, machozi yanamtoka, nikadhani amefiwa. Hao watu wako walikuwa wanajizuia, mwenzangu! Hawakukuambia kwa sababu walidhani unajua. Na wewe wiki nzima umewahukumu watu arobaini bila kumuuliza hata mmoja.

Bi Halloran mheshimu, amekulea kikazi. Ila hapa amekosea. Ukifa jukwaani, taa na muziki vinakubeba. Kwenye vichekesho hubebwi na chochote, na ukionyesha tu kwamba unajua unachekesha, umekwisha. Huyo mwanamke wa mtungi haoni kichekesho chochote pale. Anautaka mkono wake na anamtaka mwanaume huyu, na vyote viwili havipati. Ndiyo, mtazamaji anajua mwisho. Asiyejua ni yeye. Kazi yako yote katika filamu ya mapenzi ni kuogopa kikweli kweli kwamba jibu litakuwa hapana, na woga huo umeufanyia kazi miaka mitano. Usiniambie hujui.

Kujitoa nakukataza. Leo hii mwendee Lorraine, mwambie ukweli kwamba ulidhani kimya chao ni dharau. Atacheka, mwache acheke. Kisha umwombe akuonyeshe picha zako zilizorekodiwa mwanzo kabisa, kabla hujaanza kupunga mikono, na uzitazame mpaka mwisho hata kama unaona aibu. Nadhani utamkuta pale mtu aliyepata kazi hii kwa haki.

Jumamosi mkabidhi Joel mtoto, ukae na Harman mpitie maneno polepole, bila mbwembwe, kama watu wawili wenye jambo zito la kuambiana. Anajua kutania, kwa hiyo anajua na kusikiliza.

Na Jumatatu, mkono ukishakwama na neno likishakutoka, usisubiri mtu acheke. Msubiri Harman ajibu.

Corinne